Kura Iliyongojwa Dakika Hamsini

Mheshimiwa Spika, Waheshimiwa Wawakilishi wenzangu, makarani wetu, mnaozijua siri zetu kuliko wake zetu, ndugu wageni waalikwa kutoka kila wilaya ya jimbo hili, na wewe, Mheshimiwa Eufelia Lucero, mwenyekiti wetu unayestaafu leo: nawasalimu nyote.

Mimi ni Celestino Armijo. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa makamu wake katika Kamati ya Huduma za Jamii na Haki, yaani mtu wa kushika nyundo ya kikao mwenyekiti akienda chooni. Nimeombwa nimsifu. Nitamsifu, ingawa roho inaniuma.

Kwani nani hapa hajawahi kumpigia Eufelia simu Jumapili asubuhi, akapokelewa? Mashahidi wakija kamatini, wanawake waliotoka gerezani, wazee waliokatiwa msaada, wananipita mimi niliyesimama mlangoni na tai yangu, wanamkimbilia yeye mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Nilimwonea wivu. Hata sasa namwonea.

Mnaukumbuka muswada wa sheria ya kuwapa msaada wa chakula watu waliomaliza kifungo. Magazeti yaliuita Muswada wa Eufelia. Nani aliuandika? Mimi, kila kifungu, majira matatu ya baridi, kwenye meza ya jikoni kwangu! Tulikubaliana jina lake litangulie ili livute kura, nami nikatia saini huku nacheka kwa meno tu.

Siku ya kura tulikuwa wajumbe tisa. Nilijua wanne wanaukubali na wanne wanaukataa, na sare ingeuua. Karani alipoanza kuita majina, nikatoka. Nikakaa kwenye gari langu, theluji inaanguka, nakula burito, ile chapati ya kukunja, yenye pilipili ya kijani. Nasema wazi: nilitaka muswada ufe.

Eufelia hakufunga kura. Alingoja dakika hamsini, kisha akaja mwenyewe, bila koti, akagonga kioo.

"Celestino, hujamaliza kula tu?"

"Bado."

"Basi kamalizie ndani. Mama Casilda amesafiri kwa basi tangu alfajiri kwa ajili ya binti yake, na haondoki bila jibu. Halafu usiniletee kununa. Nimewaambia tumbo limekuchafuka."

Hata uongo wa kunisitiri aliutunga yeye! Nikaingia. Mama Casilda, ambaye binti yake alitoka jela ana watoto wawili akanyimwa msaada, aliinuka akanishika mikono yote miwili.

"Pole, baba. Tumekuombea wote hapa."

Nikasema ndiyo, muswada ukapita, na ukumbi ukampigia makofi Eufelia.

Mama Casilda, nakuona hapo mstari wa pili. Kila mwaka tangu siku ile unaniletea mfuko wa mnanaa mkavu, nichemshe, tumbo litulie. Mama, tumbo langu halikuwa na ugonjwa wowote. Nilikuwa tayari wajukuu wako walale njaa kwa sababu tu sheria haikuitwa kwa jina langu. Eufelia amelijua hilo miaka yote na hajalitamka, na hata kwa hilo namwonea wivu.

Mheshimiwa Spika, umepanga kunikabidhi kiti chake sasa hivi. Naomba usinikabidhi kabla mama huyu hajasema lake. Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Mama, kipaza sauti hiki hapa. Chukua muda wako, nitangoja.