Basi la Taratibu Siku ya Kuagwa

Jumamosi ile ya Julai, mabasi manane ya manjano yalikuwa yamejipanga tangu asubuhi kwenye uwanja wa kanisa pale Żurrieq, yameoshwa na kuvishwa maua, yakingoja kwenda Mjini, yaani mji mkuu. Malta nzima ilikuwa inayaaga. Kesho yake yangeanza mapya, yenye milango inayojifunga yenyewe. Ng'ambo ya uwanja, kwenye benchi lililo nje ya klabu ya bendi, watatu wa kila siku walikuwa wamekaa na glasi zao za kahawa. Kulikuwa na Nenu, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Kulikuwa na Ġorġ, mwuza nyama mstaafu, anayeitwa Hakimu kwa kuwa hakuna ubishi asioutolea hukumu. Na kulikuwa na Wenzu, dereva, ambaye kwa miaka arobaini na mmoja hakuwahi kukimbiza gari hata siku moja. Yeye waliamua tu kumwita Taratibu.

Basi lake ndilo lililokuwa mbele ya msafara, maana lilikuwa kongwe kuliko yote. Ila mwenyewe alikuwa amegoma kwenda.

Madereva saba walikuja mmoja mmoja kumbembeleza. Wote aliwajibu vilevile, kwamba ufunguo huo hapo, atakaye auchukue. Ufunguo ulikuwa juu ya benchi, kando ya glasi, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Kila mtu alijua lile basi baba yake Taratibu alilijenga na seremala mmoja kwa masika mawili, ubao kwa ubao, na kwamba rangi yake Taratibu aliipaka kwa mkono wake kila mwaka kabla ya sikukuu ya mtakatifu wa mji wao. Saa sita mchana alitakiwa kuukabidhi ufunguo huo Mjini, basi likalazwe bandani.

— Sijawahi kuona mtu anavishwa maua huku bado anapumua, alisema Taratibu.

Redio akaona kazi imemfikia. Akaanza kulisifu lile basi, akidhani sifa zitamlainisha mwenye mali. Alisema injini yake si ya gari, ni ya meli iliyozama wakati wa vita, ndiyo maana siku za mvua huwa inakwenda vizuri zaidi. Hakimu akamkatalia: meli gani, ile ilikuwa pampu ya kisima, na marehemu baba yake Hakimu aliiona kwa macho yake. Redio hakujali. Akasema mwaka fulani Taratibu alishuka kununua mkate, basi likaondoka lenyewe, likakata kona, likaenda kumngoja kituoni. Hakimu alifikiri kidogo, akahukumu kwamba hilo linawezekana, barabara ile ina mteremko.

— Na mke wangu je? Redio akasema. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma. Breki ikakamatwa pale kwenye kona, akaniangukia mapajani na kikapu chake cha mayai. Mimi nimeozeshwa na breki, bwana.

— Ilikuwa breki au mlikuwa mnatafutana? Hakimu akauliza.

— Muulize Taratibu. Alikuwa anaangalia kwenye kioo.

Taratibu alitabasamu, lakini mkono hakuunyoosha kwenye ufunguo. Alikuwa akiwatazama vijana wakipiga picha mbele ya basi lake, na moyoni alikuwa na hasira asiyoijua ni ya nani. Waliokuwa wakipiga picha, wengi hakuwahi kuwaona ndani yake.

Hapo akatokea Ċetta, mjane wa miaka themanini na kitu, anatoka misa, mkoba mkononi, magoti yake yakimsumbua kama kawaida. Alikuwa anakaa juu kule kwenye kona ya mlima, mahali pasipo na kituo. Tangu mumewe afariki, Taratibu alikuwa akimshusha mlangoni, na hakuwa akiondoka mpaka aone mlango umefungwa. Ċetta aliyatazama yale maua, akawatazama na wao.

— Wenzu mwanangu, na hayo ya kesho yatasimama kwangu?

Hakimu aliinamia glasi yake kana kwamba hukumu imeandikwa humo. Kahawa ilikuwa imekwisha zamani.

Taratibu akauchukua ufunguo.

— Twende, mama. Leo nipo.

Alimkalisha kiti cha mbele, nyuma yake hasa. Redio na Hakimu walipanda bila kukaribishwa. Injini ikakohoa, ikashika, na watu uwanjani wakapiga makofi. Mabasi saba yakafuata mkiani, polepole, kupanda mlima.

Pale kwenye kona akasimama. Nyuma yake yakasimama yote saba, na nyuma ya hayo foleni ya magari mpaka kanisani. Hakuna aliyepiga honi. Ċetta alivuta kamba ya kengele, ijapokuwa basi lilikuwa limekwisha simama, akashuka ngazi moja baada ya nyingine, huku Hakimu amemshika kiwiko.

Taratibu akangoja. Ċetta alifika mlangoni, akaingiza ufunguo wa nyumba yake, akafungua. Halafu akageuka, akasimama kizingitini na mkoba wake, akilitazama basi kutoka taa za mbele hadi nyuma. Taratibu akangoja tena. Aliona kwenye kioo kwamba mama wa watu hana nia ya kuingia.

Taratibu akatia gia, akaondoka, na mlango wa Ċetta ukiwa bado wazi.