Kafupi Angali kwenye Mlango wa Nane

Benchi ya Mama Hortense, muuza kahawa wetu hapa Shari, mtaa wa Bunia, ina miguu minne lakini mitatu tu ndiyo inayogusa ardhi, kwa hiyo mmoja akikasirika wote tunayumba. Asubuhi ile tuliyumba sana. Katsuva, mfanyabiashara tunayemwita Butembo kwa jina la mji wake, alikuwa ametuletea kaseti ya mchezo tuliyoingoja tangu watu waanze kurudi kutoka ukimbizini: Kafupi wa Pili. Tuliicheza nyumbani kwa Emery, ambaye kabla ya vita alikuwa na chumba cha michezo ya televisheni. Huyo tunamwita Maneti, maana yeye ndiye aliyekuwa akitupokeza maneti, kile kidude cha kuchezea, kila mtu na zamu yake. Alikuwa amepatana na Butembo: kaseti mpya kwa kaseti yake ya zamani, ile ya Kafupi wa kwanza. Sasa Butembo alitaka apewe ile ya zamani. Maneti alikuwa ameipakata, imefungwa kwenye kitambaa, na vidole havikutaka kuachia.

— Ile mupya haiko kitu, Maneti akasema. Kafupi iko na mabawa!

— Mabawa ni mubaya? Butembo akauliza.

— Mutu wa mabawa ataruka juu ya nini? Mashimo yote balifunika. Nilimaliza muchezo muzima maharagi ingali haijaiva!

Ni kweli. Kafupi wetu wa zamani alikuwa mtu mdogo asiye na kitu ila magoti yake. Alikuwa akirudi nyuma hatua mbili, anapumua, kisha anaruka shimo ambalo hata ng'ombe asingelithubutu. Akiruka, chumba kizima tulinyanyuka naye. Sijaona tena kitu kama kile.

— Miye naona balimuhurumia, alisema Prof, ndiye Anaclet, mwalimu wa hesabu. Miaka yote anaanguka. Benye kumutengeneza balisema: basi, apumuzike.

— Ukimuhurumia vile unamuua, Prof, Maneti akasema.

— Ao haiko yeye! Prof akapandisha sauti, benchi ikayumba. Kafupi wa kweli alikimbia sawa na siye. Huyu ni mutu mwingine, balimuvalisha tu kofia yake.

— Hakukimbia, Maneti akasema polepole. Iko humu.

Akagusa kitambaa.

Niwaeleze. Siku risasi zilipoanza, zamu ilikuwa ya Osée, kijana mwenzetu. Alikuwa amefika mlango wa nane, wa mwisho, ambao kabla yake hakuna aliyewahi kuufikia Bunia nzima, na alikuwa amebakiza maisha matatu. Akasimamisha mchezo, akaweka maneti chini taratibu, akasema, «Mutu asiguse. Nitarudi.» Akatoka kumtafuta mama yake. Maneti aling'oa kaseti akakimbia nayo kifuani hadi ng'ambo ya mpaka. Osée hakurudi. Wengine walisema alionekana Uganda, wengine walitazama pembeni.

— Kaseti haina kura, haina umeme ndani, Butembo akasema. Itamushikilia namna gani?

— Mutego ya panya iko na kura? Prof akamjibu. Na inashikilia!

Niseme ukweli, miye pia niliamini. Nilimwona Kafupi amesimama gizani mbele ya mlango ule, mguu mmoja juu, miaka yote hiyo, akingoja.

Hapo mwanamke mmoja alishuka kwenye pikipiki na gunia la viazi kutoka soko la Kpandroma, akaomba kahawa. Mama Hortense alimtazama, kisha akaweka termosi chini.

— Véronique? Mudogo wa Osée?

Mara ya mwisho tulimwona akiwa bado na sare ya shule. Tukamsogezea nafasi, tukamweleza yote, kila mtu akimkatiza mwenzake. Alisikiliza bila kunywa.

— Tangu pale hamujaiweka mu televizyo?

— Apana, dada, Maneti akasema. Alisema mutu asiguse.

— Aliambia banani?

— Siye. Benye tulikuwa mu chumba.

— Na miye? Miye sikukuwa mu chumba. Alinikataza na miye?

Miaka yote ile tulikuwa tumejadili mlango, mashimo, magoti ya Kafupi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwaza kwamba zamu ya Osée ingeweza kuwa na mwenye kuirithi.

Maneti aliinuka. Macho yalikuwa yamemjaa maji, wala hakuyaficha. Alimpa Véronique kaseti ndani ya kitambaa chake, kwa mikono miwili.

— Kama muchezo ikianzia mwanzo, akasema, usinichukie.

— Ikianzia mwanzo, Véronique akasema, mutanionyesha namna kaka alikuwa anarukaka.

Butembo alijikuna kichwa.

— Ile ya mabawa nitarudisha Butembo, akasema. Hii ya zamani ibakie kwenu.

Tukaondoka kuelekea kwa Maneti kuiwasha, Prof amebeba gunia la viazi. Mama Hortense aliziba termosi, kahawa ikiwa nusu, akasema tumngoje, anakuja.