Mama Rula Hakuchora Mpaka wa Barabarani

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Rula, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya sita wa karani wa posta na mshona nguo. Wasifu huu umeandikwa, na unasomwa, na mdogo wake aliyemfuata ziwa. Wazee wa familia walimwomba apunguze ukali. Amejaribu.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kituo cha reli, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1983 akahitimu uchoraji ramani katika chuo cha upimaji ardhi, mwanamke pekee darasani. Nyumbani alikuwa ameanza zamani. Mama akileta mkate, yeye ndiye aliyeupima kwa uzi wa cherehani, akaukata vipande sita, halafu akangoja wenzake wote wachague ndipo achukue kilichobaki. Kaka yao mkubwa alikuwa akilalamika, "Wewe pima tu, sisi tunakufa njaa!"

Tarehe 1 Julai 1984 aliajiriwa ofisi ya ramani ya mkoa, chumba cha ghorofa ya pili chenye meza ndefu na dirisha lisilofungika. Mwaka 1988 alifunga ndoa na fundi baiskeli, na ofisi nayo ikafaidika. Mwaka 1999, ilipoamuliwa wilaya za mkoa zichorwe upya, mume alimfungia kihesabu mwendo kwenye gurudumu, naye akaendesha kutoka kila mtaa hadi hospitali, soko na mahakama, akiandika kilomita daftarini. Alitaka kila mtu aweze kufika wilayani kwake na kurudi siku hiyohiyo. Mpaka wa wilaya akaupitisha kwenye kijito, nyuma ya mtaa huu, ili mtaa ubaki wilaya moja na hospitali iliyo ng'ambo ya barabara.

Mwenyekiti wa kamati ya mipaka hakupenda. Mtaa huu ulikuwa umemnyima kura za udiwani, na kinyongo kilikuwa kimemjaa hadi kooni.

"Sogeza mstari ufuate barabara," alimwambia.

"Mzee, watu hawa watatibiwa wapi? Hospitali hutibu watu wa wilaya yake tu, na hiyo nyingine iko kilomita sitini na mbili."

"Wangefikiria hilo siku ya kura. Chora."

Alikataa. Wiki hiyohiyo akahamishiwa stoo. Mchoraji mwingine akafuta mstari wa kijito, akapitisha wa barabarani, na kwenye kona ya karatasi akaacha jina na saini ya marehemu. Ndivyo ramani ilivyochapishwa. Kwa miaka kumi na tisa mlipita mbele ya geti lake mkisema, "Huyu ndiye aliyetukata." Aliandika barua tatu kujitetea; hakujibiwa hata moja. Walioacha kumwamkia wapo hapa leo, wamevaa nyeusi. Mdogo wake anawajua mmoja mmoja, na hajawasamehe.

Mwaka 2016 figo zilianza kumsumbua. Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2018 alizidiwa, mume na mdogo wake wakamvusha barabara wakiwa wamemshika mikono. Karani wa mapokezi akaitazama kadi yake.

"Huyu ni wa wilaya jirani. Mpelekeni kwao."

"Kwao wapi, dada? Mtu anakufa huyu!" mdogo wake alipiga kelele.

Karani akaonyesha ramani ukutani. "Mpaka sikuuweka mimi. Si jina lake hili hapa chini?"

Marehemu akasema kwa sauti ndogo, "Si mimi." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alifariki saa nne na nusu, ndani ya gari, wakiwa hawajafika hata nusu ya safari.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja na wadogo wanne. Mwenyekiti, sasa mstaafu, naye yupo, safu ya mbele, kiti cha tatu kutoka kulia. Jumatano alipiga simu akiomba dakika tano za kutoa rambirambi. Wazee walitaka kumkatalia. Mdogo wa marehemu ndiye aliyesema apewe. Kipaza sauti hiki hapa, jeneza hili hapa, na mtaa mzima unasikiliza. Awaambie nani aliyeagiza mpaka upite barabarani.

Marehemu apumzike kwa amani. Mwenyekiti, simama.