Taulo za Majirani Wapya

Kwenye basi la mjini Akita, Japani, mbele yangu, mama mwenye baa alikuwa akimlalamikia mzee asiyemjua.

"Genge la Osaka limehamia jirani na baa yangu, babu."

"Umejuaje ni genge?"

"Walileta tambi za kujitambulisha, ile desturi ya mhamiaji, nyumba kwa nyumba. Wanaume sita wenye suti, wameinama mpaka nikaona visogo!"

"Basi wana adabu kuliko mwanangu."

"Adabu gani! Sasa wanataka kila baa ikodi kwao taulo za wateja kufutia mikono, kwa bei wanayotaka wao. Mwenzangu alikataa, asubuhi akakuta kioo kimevunjwa."

"Upepo huo. Chukua taulo, mama, ulale usingizi."

"Nikichukua taulo, kesho watanichagulia hata wateja. Sichukui! Ijumaa naenda polisi."

"Ijumaa saa ngapi?"

Nilijiuliza swali hilo linamhusu nini. Nadhani mama naye alijiuliza, maana alimtazama kuanzia viatu mpaka usoni.

Basi likasimama. Mzee akainuka. "Unashuka hapa, mama?"

"Tangulia tu, babu. Mimi bado nafika mbele," akasema, ilhali kengele ya kushuka aliibonyeza yeye.