Mahali pa Mshonaji

Sogea karibu, Homnath. Sabitra, binti yangu, acha kulia kwanza, pumzi zangu zimebaki chache nami nina la kusema. Mmenitoa ndani mkanilaza hapa uani kando ya mrehani mtakatifu, kama tulivyomtoa babu yenu, ili nifie juu ya udongo. Mmefanya sawa. Ila hakuna aliyenikumbusha kuwa hapa ndipo alipokaa Jasbir na cherehani yake miaka arobaini.

Wanangu, nimestaajabu! Tangu alfajiri naitazama nyumba yangu nikiwa nje yake. Kumbe ukikaa hapa mlango wa jikoni unauona wote, samli inakunukia, na kila kinachonong'onwa ndani unakisikia. Kumbe mvua ikinyesha, maji ya paa yanakumwagikia mgongoni. Jasbir alishona nguo zetu zote, hata suruali niliyovaa siku nilipofanywa mwalimu mkuu, nasi tukamwekea wali kwenye jani, na maji tukammiminia viganjani kutoka juu, tusije tukamgusa, maana ukoo wake wa washonaji tuliuhesabu najisi. Nami nikawa nasema, "Jasbir anapenda nje, kuna mwanga." Nani alimwuliza? Miaka thelathini na moja nimefundisha kwamba watu wote ni sawa, kisha jioni nikarudi nikampita hapa hapa. Mlango ulikuwa wazi kwangu tangu nazaliwa, nikadhani nimeufungua kwa jasho langu.

Na wewe Homnath, ukiwa na meno ya maziwa, ulikuwa ukimwita, "We Jasbir, harakisha!" Naye, mtu mzima, akiitika, "Naam, bwana mdogo." Sikukukanya. Haki ya Mungu, sikuhisi hata kidogo kwamba kuna kosa.

Leo asubuhi nilimwomba aninyweshe maji ya mwisho kwa mkono wake, nikijiona natenda jambo kubwa. Akacheka kidogo. "Mwalimu, hata leo kazi ni yangu? Mimi ndani kwako sijapaona bado." Hata kufa kwangu nilitaka anihudumie.

Basi sikilizeni. Shamba la juu ni la Homnath, la chini la Sabitra, msigombane. Ng'ombe wa mama yenu asiuzwe. Lakini kwanza fungueni mlango wa mbele. Usinitazame hivyo, Homnath! Najua kuhani atasema nyumba imenajisika. Mwambie mwenye nyumba yu hai bado. Kaka Jasbir, ingia ukipenda. Sabitra, mketishe jikoni, mahali pangu, umpe maji kwa kikombe changu cha shaba, kwa mikono miwili. Mimi nitangoja huku nje. Ni zamu yangu.

Tangu leo mwiteni baba mkubwa. Mungu awafumbue macho mapema kuliko mimi, awape... awape watoto wasiompita mtu... Nyamazeni kidogo. Mnasikia? Ni miguu yake, kwenye sakafu yangu. Miaka arobaini... sijawahi kuisikia.