Bi. Kanyiva Muindi: Macho Kwanza, Sahani Baadaye

Ifikapo tarehe thelathini Juni, Bi. Kanyiva Muindi, Karani Mkuu wa Kamati katika Bunge letu la Kaunti, atarudisha funguo za ofisi na kwenda nyumbani kwake Itumbani. Atakuwa ameutumikia umma kwa miaka thelathini na mitatu, ishirini na mmoja katika baraza la zamani la kaunti, na iliyobaki hapa Bungeni tangu ugatuzi ulipoingia. Jarida la wafanyakazi limetupa nafasi ndogo ya kumweleza. Tutajaribu, ingawa yeye mwenyewe angetuambia tupunguze.

Alijifunza kupiga taipu kwenye chumba kimoja cha kukodi pale Kwa Vonza, kati ya duka la mbegu na kinyozi. Baraza lilimwajiri akiwa na watoto wawili wadogo na mume aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, anayerudi nyumbani mwisho wa mwezi, mwezi ukikubali. Watoto walibaki Itumbani kwa jirani, Mwaitu Wayua. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na hakuna mtu kijijini anayemtaja mama huyu bila neno hilo. Ndiye aliyewapa uji, akawafunga mgongoni, akawachapa walipostahili, pamoja na kijana wake mwenyewe aliyekuwa wa rika lao. Haya tunayataja mapema kwa sababu mtu aliyekulelea mtoto ili uende kazini si jirani tu. Wenye watoto wadogo wanajua tunasema nini.

Bunge lilipoanzishwa, Bi. Kanyiva aliteuliwa kuwa karani wa kamati inayofuatilia kazi za serikali ya kaunti. Kwa wageni wetu watakaosoma haya siku ya sherehe: serikali ikisema imejenga zahanati, kamati hii huenda kuona kama kuna zahanati. Ikisema imechimba kisima, kamati huenda kuangalia kama kuna maji. Kazi yenyewe haina maajabu. Ugumu wake uko mahali pengine, na tutafika hapo.

Ofisini alikuwa mtu wa utaratibu na wa vichekesho vya pembeni. Neno “Mheshimiwa” lilikuwa na maana tatu mdomoni mwake. Akilisema kwa ufupi, ni salamu. Akilivuta mwishoni, anakuomba uketi. Akisema “Mheshimiwa wangu,” basi umekosa, na wajumbe wenye akili walizima simu kabla hajamaliza. Mheshimiwa mmoja wa wadi ya mbali alituambia alikuwa akimwogopa kuliko Spika, kwa sababu Spika angalau huwa na kura ya kutafuta.

Alikuwa pia na huruma, lakini si ile ya kulegea. Mwenzetu mmoja aliporudi kutoka likizo ya uzazi na kuanza kusinzia vikaoni, Bi. Kanyiva alimhamishia kiti kando ya mlango ili aende kukamua maziwa bila kuomba ruhusa mbele ya wanaume kumi na wawili. Chumba kidogo nyuma ya maktaba, chenye pazia na kiti cha kuegemea, ni kazi yake. Alikililia mwaka mzima hadi kikapatikana. Lakini kumbukumbu za kikao zilipochelewa, hakukuwa na kisingizio cha mtoto. “Mtoto ni wako, mama,” alisema, “lakini kumbukumbu ni za watu wote. Nipe kabla ya saa kumi, halafu uende ukalale.”

Sasa ule ugumu. Huku kwetu mgeni haondoki na njaa. Ukifika boma la mtu na kukataa chakula chake, umemwambia jambo ambalo hutalifuta kwa maneno. Na ukishakula, una haya. Huwezi kufuta mdomo kisha uketi kusema nyumba hii ina nyufa. Hakuna sheria inayosema hivyo, lakini kila mtu aliyelelewa vizuri anaijua. Serikali nayo iliijua. Kamati ikipanga kwenda fildi, ratiba ilirudi kutoka wizarani ikiwa na kituo cha kwanza cha chai, cha pili cha nyama, na mradi wenyewe mwishoni, jua likielekea kuzama. Hakuna aliyehongwa. Watu walikaribishwa tu.

Mwaka mmoja kamati ilienda kuona vibanda vya soko fulani kando ya barabara kuu. Ilipokelewa hotelini kwanza. Walipotoka walikuwa wameshiba, wanacheka, na vibanda wakaviona kupitia dirisha la gari. Ripoti ikasema kazi inaridhisha. Mvua ya kwanza ikabeba mabati hadi shamba la jirani, na wamama wa mboga wakarudi kuuzia juani. Bi. Kanyiva aliyeiandika ripoti ile kama alivyoagizwa hakulaumu mtu. Alinunua tu vyombo vitatu vikubwa vya kuhifadhi joto, akavileta ofisini, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kamati itabeba chakula chake, kila mmoja atapika kwa zamu, na hakuna atakayeonja cha mwenyeji kabla mradi haujaonekana. Macho kwanza, sahani baadaye. Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Kivuva, aliuliza kanuni hiyo iko kifungu gani. Akajibiwa kwamba iko ndani ya vyombo.

Zamu zilileta mambo yake. Githaiga wa idara ya kunakili mijadala, ambaye kwao ni Nyeri, alikutana na muthokoi kwa mara ya kwanza nyuma ya gari la kamati. Aliyageuza yale mahindi yaliyokobolewa kwa kijiko, akauliza, “Sasa hii mahindi nani ameivua nguo?” Dereva wetu Nzomo akamjibu, “Ni sisi. Nyinyi mnaikula na koti kwa sababu kwenu ni baridi.” Siku hizi Githaiga anaomba kuongezwa.

Utaratibu ulikwenda vizuri mpaka zamu ya Itumbani.

Yule kijana wa Mwaitu Wayua, aliyelelewa pamoja na watoto wa Bi. Kanyiva, alikuwa amesoma, amepanda, na sasa ndiye aliyekuwa Waziri wa Maji wa kaunti. Wizara yake ilikuwa imetangaza bwawa la udongo Itumbani kuwa limekamilika. Malalamiko yalifika Bungeni kwamba halina maji. Ratiba ikatoka wizarani: kituo cha kwanza, chai nyumbani kwa mama mzazi wa Waziri.

Kamati ilikuta hema la kanisa limesimamishwa, kwaya imevaa sare, mbuzi ameiva. Mwaitu Wayua alikuwa jikoni mwenyewe tangu alfajiri, na umri ule. Wajumbe walishuka kwa furaha. Bi. Kanyiva aliwapita, akaenda jikoni, akamsalimia mama kwa mikono miwili.

“Mwaitu, naomba ufunike sufuria kidogo. Tunaenda kuona bwawa, tukirudi tutakula.”

Mama alimwangalia. “Kanyiva. Watoto wako walikula mkononi mwangu. Leo chakula changu kina sumu?”

“Hakina sumu, Mwaitu. Ni kitamu. Hiyo ndiyo shida yangu.”

“Basi nenda. Lakini ukitoka hapa bila kula, umetoka.”

Bi. Kanyiva alitoka. Mheshimiwa Kivuva alikuwa kwenye beseni la kunawia. “Lakini Bi. Kanyiva, mikono imeshalowa.”

“Itakauka njiani, Mheshimiwa wangu.”

Wakaenda kwa miguu, kwa sababu barabara ya bwawa nayo ilikuwa imekamilika kwenye karatasi tu. Walikuta ukuta wa udongo upande mmoja, umepasuka katikati kama mkate uliokosa hamira. Upande wa pili hapakuwa na ukuta. Ndani yake mbuzi walikuwa wanakula majani. Kibao cha mradi kilikuwa kizuri, kimepakwa rangi mbili. Chini kidogo, kwenye mto mkavu, wanawake walikuwa wamechimba mchanga na wanachota maji kwa vikombe, wakingoja kila shimo lijae tena.

Mheshimiwa Kivuva alimuuliza mmoja wao, Nthenya, ni mwezi gani bwawa huwa na maji.

“Lilikuwa na maji siku ya picha, Mheshimiwa. Picha ilipoisha, nayo yakaisha.”

“Na nyinyi hamkusema?”

“Tumwambie nani? Mama yake Waziri mwenyewe anachota hapa na sisi. Huo mchuzi mnaoenda kunywa, maji yake nimechota mimi asubuhi.”

Hapo hakuna mjumbe aliyeuliza tena habari za chakula. Walipima, wakapiga picha zao, wakaandika. Waliporudi bomani walikuta hema limeshushwa. Nyama ilikuwa imegawiwa kwaya na majirani. Mlango wa Mwaitu Wayua ulikuwa umefungwa, na Bi. Kanyiva alisimama mbele yake muda mrefu kabla ya kurudi garini. Njiani hakuna aliyefungua vyombo.

Ripoti ilisomwa Bungeni bila kupunguzwa neno. Kabla ya kusomwa kulikuwa na simu. Ofisi moja kubwa ilimuuliza Spika kama karani yule hawezi kupelekwa maktaba akapumzike. Spika akajibu kwamba maktaba imejaa. Waziri aliitwa mbele ya Bunge, akaulizwa maswali alasiri nzima, na kwa haki tuseme alikuja mwenyewe na hakutuma mtu. Majibu hayakutosha. Hoja ya kutokuwa na imani naye ikapita, akaondoka ofisini. Bwawa lilijengwa upya na mkandarasi mwingine, kamati ikienda kulikagua mara kwa mara na vyombo vyake. Sasa linashika maji hata miezi ya kiangazi, na mashimo ya mtoni yamejifukia yenyewe.

Huo ndio ufanisi utakaosomwa siku ya sherehe, na tuzo aliyopewa na Spika iko ukutani. Gharama yake haiko ukutani. Mwaitu Wayua anachota maji ya bwawa kama wengine, na ng'ombe wake wananywa hapo. Lakini tangu siku ile hajamjibu Bi. Kanyiva salamu. Alikataliwa chakula, kisha mwanawe akapoteza kazi, na kwa mama hayo ni jambo moja. Watoto wa Bi. Kanyiva, ambao sasa ni watu wazima, bado wanaenda kumwona Krismasi na wanakula mpaka wanabeba. Mama yao huwangoja njiani. Kanisani wote wawili wako kwaya ya akina mama. Mwaitu huimba sauti ya kwanza, Bi. Kanyiva ya pili. Sauti zinakutana, wenyewe hawakutani.

Wapo waliomwambia kwamba angeonja hata kipande kimoja, kwa heshima, halafu aende. Alilifikiria hilo kwa miaka, na hakujifanya ni jambo rahisi. Lakini alikuwa akisema kwamba angeonja yeye, wajumbe wote wangeketi, na wangeketi mpaka jioni, na wale wanawake mtoni wangeendelea kungoja shimo lijae. Alisema pia kwamba angekuwa mtu mwingine yeyote aliyempikia, angekataa kwa urahisi, na kanuni unayoifuata kwa watu usiowapenda tu si kanuni. Halafu alikuwa akiomba tuongee habari nyingine.

Tusemeni ukweli, kwa sababu yeye angetaka: vyombo vile vitatu havimo kwenye Kanuni za Kudumu mpaka leo. Ni mazoea tu, na mazoea yana adui wengi. Tayari kuna ratiba ya mwezi ujao kwenda mji wa Salama, na imefika ikiwa na kituo cha kwanza hotelini. Ofisi ya kamati imeirudisha. Zamu ya kupika imeshapangwa, na atakayeuliza kifungu ataelekezwa nyuma ya gari.

Bi. Kanyiva sasa anaenda kuishi Itumbani moja kwa moja. Nyumba yake na ya Mwaitu Wayua zinatenganishwa na njia ya ng'ombe na ua wa miti ya minyaa. Kwa miaka hii yote alikuwa akifika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili, na siku mbili mtu anaweza kuzivumilia. Kuanzia Julai atakuwa pale kila asubuhi. Wiki jana, kwenye chai ya kumuaga ya idara yetu, Nzomo alimuuliza kile ambacho sote tuliogopa kuuliza: atafanyaje?

“Nitaenda kumsalimia,” alisema.

“Na akikufukuza?”

“Nitarudi nyumbani. Ni karibu. Kesho yake nitaenda tena.”

Bi. Kanyiva, asante kwa miaka yako. Asante kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa mpole na bado akasema hapana, na kwamba hapana hiyo ina bei, na kwamba bei hiyo hulipwa nyumbani, si ofisini. Asante kwa kiti kile cha kando ya mlango.

Tunakutakia maisha mema: mvua za vuli zisizochelewa, magoti yasiyouma, wajukuu wasio na haraka ya kurudi mjini. Na zaidi ya yote tunakutakia kwamba asubuhi moja, katika hizo asubuhi zako nyingi zinazokuja, Mwaitu Wayua atajibu. Hilo Bunge haliwezi kulipitishia hoja. Lingeweza, hoja hiyo ingepita bila sauti hata moja ya kupinga.