Jua Lililomkuta Kificho Kaburini

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, kama kuna kivuli karibu, sogeeni. Leo tunamkumbuka mtu aliyewachimbia wengi wenu makaburi ya wazazi wenu, na nyinyi mkasahau kumwambia ahsante. Jina lake Kificho. Kificho wa Msuka, kaskazini kabisa ya Pemba. Mkulima wa muhogo, mume wa Bi Asya, baba yake Safaa. Na mchimba makaburi.

Kificho alifariki mwezi wa Ramadhani uliopita, kwa joto. Tunarudia, maana wapo waliosema ni jicho la watu, na wapo waliosema ni shetani. Ni joto.

Mnaoijua ardhi ya kule mnajua. Udongo ni kiganja tu, chini yake jiwe. Kaburi halichimbwi kwa jembe, huvunjwa kwa mtaimbo. Wala halichimbwi kwa ujira. Akifa mtu, wanaume huchukua vyuma vyao wakaenda. Kificho alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka shimoni, na mdomo wake haukupumzika. Kila aliyechungulia shimo alimpima kwa macho.

"Weye Suhail, kwa tumbo hilo, lako tutalichimba la duara."

Suhail ni ndugu yake Bi Asya. Mashemeji hawa hawakuwahi kusalimiana bila kutaniana. Mengi tutakayosimulia tunayo kutoka kwake.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Bibi mmoja jirani alifariki alfajiri. Watu wakakubaliana azikwe baada ya sala ya adhuhuri, maana maiti husitiriwa upesi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema tungoje jua lipoe. Upepo ulikuwa umekatika tangu juzi. Kuku walikuwa wamejilaza chini ya vitanda, midomo wazi. Na watu wamefunga.

Bi Asya alimwona mumewe akitafuta mtaimbo.

"Baba Safaa, jana ulirudi kichwa kinakuuma. Leo waachie vijana."

"Vijana gani? Hawa wanaochoka kwa kushika simu?"

"Basi ukizidiwa, fungua. Siku utailipa."

"N'fungue mchana kweupe, mbele ya Suhail? Si n'takuwa hadithi mpaka Idi!"

Akacheka, akatoka. Bi Asya anasema alibaki mlangoni, na moyo haukutulia. Alitaka kumwita. Akaona haya kumwita mume mtu mzima kama mtoto.

Makaburini hapakuwa na mti. Mawe meupe yalikuwa yanarudisha jua usoni. Wanaume walichimba kwa kupokezana, lakini kila zamu ya Kificho ilipokwisha, alikataa kutoka. Suhail, akizoa vifusi ukingoni, aliona jambo lisilompendeza. Kificho alikuwa akipiga jiwe lile lile, anakosa, anapiga tena, anakosa. Mtu ambaye mkono wake ulilijua jiwe kuliko kijiko!

"Shemeji, toka upumue."

"N'tatoka n'kimaliza."

Kisha akasimama. Akaegemea mtaimbo, akawatazama wote, akauliza, "Yakhe, kafa nani?"

Wasikilizaji, watu waliangua kicheko. Ndivyo alivyokuwa, siku zote. Kijana mmoja, Ishak, akajibu, "Kafa mchimbaji, maliza upesi uingie!"

Kificho hakucheka. Akauliza tena, taratibu, "Kafa nani?"

Hapo Suhail akashuka shimoni. Akamtazama usoni. Wengine wote walikuwa wamelowa chapachapa. Kificho alikuwa mkavu. Akamgusa shingo, akaurudisha mkono haraka. Ngozi ilikuwa inachoma.

Kando ya shimo palikuwa na madumu ya maji. Ni yale ya kumwagia kaburi, kama ilivyo desturi yetu, maiti akishafukiwa. Suhail akashika dumu moja.

"Maji ya marehemu hayo," mtu mmoja akasema.

"Na usimmwagie kichwani," akadakia mwengine, "yatamwingia kinywani, kafunga."

Suhail akasimama na dumu mkononi. Anasema kusita kwake kulikuwa kufupi tu. Anasema pia kwamba mpaka leo hakujaisha.

Kificho akaanguka. Ndipo Suhail akammwagia maji yote, ndipo kila mtu akakumbuka kuwa ana miguu, huyu anatafuta gari, huyu anavua kanzu amfanyie kivuli. Kificho alifika hospitali akiwa hai. Hakuamka. Alifariki kabla ya futari.

Muuguzi mmoja, Devotha, mama wa Bara aliyeletwa na kazi yake huku kwetu, alikaa na Suhail kwenye benchi.

"Kaka Suhail, mtu aliye juani akianza kusema yasiyoeleweka, usicheke na usisubiri. Awe anatoka jasho au hatoki. Mtoeni juani, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, huku gari inatafutwa. Na kama hajitambui, msimnyweshe."

"Na lile dumu, ningelimmwagia mapema?"

"Lingesaidia," akasema. Hakumdanganya. Akamshika bega tu.

Asubuhi ya pili wanaume wakakusanyika nje ya nyumba ya Bi Asya. Habari ikawa ile ile: azikwe baada ya adhuhuri, kama wengine. Vyuma vikaanza kugongana. Suhail alikuwa na la kusema, lakini hakuwahi kulianza. Sauti ikatoka ndani, nyuma ya pazia.

"Suhail! Waambie mume wangu hana haraka. Wachimbe sasa kungali na ubaridi, jua likipanda waache. Azikwe alasiri."

Wakatazamana. Shehe Masoud, aliyekuwa pale pamoja nao, akatikisa kichwa kukubali. "Bi Asya kasema kweli. Na atakayezidiwa afungue, siku yake atailipa. Dini haikumtaka mtu afe juu ya kaburi la mwenziwe."

Wakaenda. Kabla kaburi halijafika kiunoni, Ishak, yule yule, akashika kichwa, akayumba. Suhail hakuuliza maji ni ya nani. Alimlowanisha tangu kichwa mpaka kanzu, akamtoa, akamkalisha chini ya shuka iliyotandwa iwe kivuli, akampa kikombe. Ishak akawatazama wenzake.

"Kunywa," Suhail akasema. "Hapana atakayekutangaza. Na atakayekutangaza, mie ndiye n'takayemchimbia."

Ishak akanywa huku analia. Wakangoja. Kificho alizikwa alasiri, na waliomchimbia wote walirudi majumbani kwao kufuturu.

Bi Asya, Safaa, Suhail, na nyote wa Msuka, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Kificho, ampanulie kaburi lake kama alivyowapanulia wenziwe.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kesho jua litatoka tena, wala halitauliza nani shujaa. Basi leo hii, kabla hamjalala, kubalianeni nyumbani: nani atamwambia nani atoke juani. Na huyo akiambiwa, asibishe.